Unyapara Kazini Hufukuza Ukweli

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Msimu wa ununuzi ukiisha, taarifa za vyama vya msingi huletwa chama kikuu, na aghalabu hufanana kama watoto wa tumbo moja. Mizani ni mizima, magunia yalitosha, malipo yalikwenda vizuri, na uhusiano kati ya viongozi na wanachama ni mwema. Kisha huja mkaguzi wa hesabu, akafungua daftari la ghala, akalilinganisha na stakabadhi, akakuta upungufu. Akiuliza, hudhihirika kwamba karani wa mizani aliujua upungufu huo tangu juma la pili la ununuzi, mtunza ghala aliujua, na katibu naye aliujua. Wote walinyamaza. Wakiulizwa kwa nini walinyamaza, jibu huwa moja: nani angethubutu kumwambia Mwenyekiti?

Mazungumzo haya yanahusu jibu hilo. Hayahusu wizi, maana wizi una sheria zake na mahakama zake. Yanahusu hofu ya watu waaminifu, ambayo hukiletea chama hasara ijapokuwa hakuna mkono ulioingia katika sanduku la fedha. Hofu hiyo ina mzazi wake, nao ni unyapara: desturi ya kiongozi kutaka kila jambo, kubwa na dogo, lipite mkononi mwake, na kumfanya kila mfanyakazi aone kwamba kutenda bila idhini ni kosa, na kuleta habari mbaya ni kosa kubwa zaidi.

Hapana budi kutofautisha unyapara na usimamizi. Msimamizi hutaka kujua kazi imefika wapi, na hupima matokeo. Nyapara hutaka kushika jembe la kila mtu. Msimamizi husoma leja. Nyapara hukaa na ufunguo wa kabati la leja, hata karani akitaka kuandika mauzo ya jana sharti amngoje arudi shambani. Watu wengi hudhani kwamba kiongozi wa namna ya pili ndiye ajuaye mambo ya chama kuliko wote, kwa kuwa yote hupita kwake. Ukweli ni kinyume chake. Kiongozi ashikaye kila kitu kwa vitisho ndiye wa mwisho kuambiwa, na kwa hiyo ndiye ajuaye machache kuliko wote.

Ili jambo hili lionekane wazi, ufaao mfano ni wa kampuni moja ambayo historia yake imeandikwa na wengi, nayo ni kampuni ya magari ya Ford, ya Dearborn katika jimbo la Michigan, Marekani. Kampuni hiyo si ya ushirika, wala makusudio yake si yale ya ushirika. Lakini ugonjwa huu uliishika mara mbili, na mara mbili ikapona. Penye ugonjwa na tiba, hata jirani asiye wa ukoo huweza kujifunza.

Henry Ford aliianzisha kampuni hiyo mwaka 1903. Mwaka 1908 alitoa gari aina ya Model T, gari jepesi na imara lililokusudiwa kununuliwa na watu wa kawaida. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, kazi ya kuunganisha magari ilipangwa kwa mstari unaotembea: gari lilimfuata mfanyakazi, badala ya mfanyakazi kulifuata gari. Bei ilishuka kutoka dola 850 hadi chini ya dola 300. Haifai kumdharau mtu wa namna hiyo. Unyapara mwingi huanza kwa mtu hodari, ambaye hapo mwanzo alikuwa na haki ya kujiamini kwa sababu aliyaona wasiyoyaona wengine.

Lakini kazi ya mstari ilikuwa ya kuchosha, na watu waliikimbia. Katika mwaka 1913 kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili ibaki na wafanyakazi wapatao 14,000 tu. Kwa hiyo Januari 1914 Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya yale ya awali, na dunia nzima ikastaajabu. Kilichotajwa kwa nadra ni sharti lililofuatana nayo. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilihesabiwa kuwa mgao wa faida, na aliyeutaka ilimpasa akubali wakaguzi wa kampuni waingie nyumbani mwake, waone kama ni pasafi, kama anaweka akiba, kama anakunywa pombe, na kama anaishi na mkewe kwa utaratibu. Mwajiri aliyeanza kwa kupanga kazi ya mikono sasa alikuwa akipanga chumba cha kulala. Ndivyo unyapara ulivyo: haujui mpaka wake, na kila unapopewa nafasi husogea mbele hatua moja.

Mwaka 1919 Ford na jamaa yake walinunua hisa zote za wenzao. Tangu hapo hapakuwa na mtu katika kampuni aliyeweza kumwuliza swali akalazimika kulijibu. Mwanawe, Edsel, alikuwa na cheo cha rais wa kampuni, lakini maamuzi yake yalipinduliwa na baba kila mara, wakati mwingine mbele ya wafanyakazi. Vyeo na mipaka ya madaraka havikupendwa, kwa kuwa mwenye madaraka yaliyoandikwa anaweza kusema, "Hili ni langu kuliamua."

Ubaya wa hali hiyo ulionekana katika lile lile gari lililomtajirisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 karibu nusu ya magari yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya Ford. Lakini wakati ulikuwa ukibadilika. Wanunuzi walitaka gari lenye starehe, lenye rangi mbalimbali, nao walikuwa tayari kulipa zaidi kidogo. Model T, kwa zaidi ya miaka 10 mfululizo, ilitolewa kwa rangi nyeusi tu. Wahandisi waliliona hilo. Wauzaji waliliona. Lakini wote walikumbuka kisa kilichosimuliwa kiwandani, kwamba zamani, kiasi cha mwaka 1912, wasaidizi wa Ford walimtengenezea gari lililoboreshwa alipokuwa safarini Ulaya, naye aliporudi akalizunguka, kisha akaling'oa milango na kulivunja kwa mikono yake. Hakusema neno, na hapakuwa na haja ya kusema.

Mtu mmoja alithubutu. Ernest Kanzler alikuwa mmoja wa wakuu wa uzalishaji, tena jamaa wa familia, kwa kuwa mkewe na mke wa Edsel walikuwa ndugu. Mwezi Januari 1926 alimwandikia Henry Ford waraka wenye adabu na tarakimu, akimweleza kwamba mauzo yanateleza, kwamba washindani wanapanda, na kwamba gari jipya linahitajika. Aliongeza kuwa wakuu wengi wa kampuni wanafikiri hivyo hivyo ila hawasemi. Kabla mwaka haujaisha Kanzler alikuwa amekwisha kuondolewa kazini.

Wakuu waliobaki walijifunza funzo lao, na kampuni ikalipa gharama yake. Mwezi Mei 1927, baada ya magari zaidi ya 15,000,000, Ford mwenyewe alilazimika kuisimamisha Model T. Kwa sababu gari la kufuata halikuwa limeandaliwa, viwanda vilisimama kwa miezi kadhaa, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wakakaa bila mshahara hadi gari jipya, Model A, lilipotolewa mwezi Desemba. Katika mwaka huo Chevrolet, gari la kampuni ya General Motors, liliongoza kwa mauzo. Waraka wa Kanzler ulikuwa wa kweli tangu Januari ya mwaka uliotangulia. Iliyokosekana ilikuwa njia ya ukweli kufika juu bila kumgharimu mwenye kuuleta.

Yafaa kutazama jinsi mshindani alivyofanya. Katika General Motors, Alfred Sloan, aliyekuwa rais wake tangu mwaka 1923, aliliweka kila gari chini ya tawi lake, na kila tawi chini ya meneja mwenye madaraka ya kuamua mambo ya kila siku. Makao makuu hayakuacha kusimamia. Yalishika fedha kwa mkono thabiti, yakadai hesabu za namna moja kutoka kila tawi. Lakini hayakumwambia meneja kila kukicha afunge bolti gani. Kwa hiyo haiwi kweli kwamba asiye nyapara sharti awe mlegevu. General Motors haikuwa legelege, na ndiyo iliyoshinda.

Huko kwa Ford, kadiri mauzo yalivyopungua ndivyo vitisho vilivyozidi. Katika kiwanda kikubwa cha River Rouge, ambacho kilipokuwa na watu wengi kabisa kiliajiri wapatao 100,000, ulinzi ulikuwa chini ya Harry Bennett, mtu aliyekuwa baharia na mpiganaji wa ndondi, asiye na elimu ya uhandisi. Idara yake iliitwa Idara ya Huduma, lakini huduma yake ilikuwa upelelezi. Mfanyakazi alikatazwa kuketi, kupiga mbinja, na kuzungumza na mwenzake. Ikawa watu wamejifunza kusema bila kutikisa midomo, na mtindo huo ukajulikana kama mnong'ono wa Ford. Tarehe 26 Mei, 1937, viongozi wa chama cha wafanyakazi waliofika kugawa karatasi zao, miongoni mwao Walter Reuther na Richard Frankensteen, walipigwa na watu wa idara hiyo mbele ya wapiga picha wa magazeti. General Motors na Chrysler zilikubali mkataba na chama cha wafanyakazi mwaka huo huo wa 1937. Ford haikukubali hadi mwaka 1941.

Hebu ifikiriwe hali ya kiwanda ambamo watu hunong'ona. Mnong'ono hauwezi kupeleka mbele habari ya mashine iliyolegea, wala ya chuma kibovu. Aliyezoea kuficha mazungumzo yake ya halali hana sababu ya kufichua kosa la kazi. Wapelelezi wanaweza kumwambia mkubwa nani alicheka na nani alichelewa. Hawawezi kumwambia kwa nini gari moja linatumia fedha nyingi kuliko bei yake.

Edsel alifariki mwezi Mei 1943, naye ni mtu wa miaka 49. Mzee Ford, akikaribia miaka 80 na afya yake ikiwa imedhoofika, alijirudisha mwenyewe katika urais. Hali ya hesabu za kampuni wakati huo imebaki kuwa kichekesho katika vitabu vya uongozi. Husimuliwa kwamba katika idara moja hati za madai hazikujumlishwa. Zilipimwa uzito, na deni likakadiriwa kwa ratili. Kila mwanachama wa ushirika anajua mizani imewekwa kwa ajili ya kahawa, pamba na korosho. Kampuni kubwa iliyofikia kupima karatasi zake kama magunia ilikuwa imefikishwa hapo na kiongozi aliyetaka kujua kila kitu. Baada ya vita ilisemekana kwamba hasara ilikaribia dola 10,000,000 kila mwezi.

Aliyeiokoa kampuni ni mjukuu, Henry Ford wa Pili, kijana wa miaka 28, aliyekabidhiwa urais mwezi Septemba 1945, baada ya mama yake, mjane wa Edsel, kutishia kuuza hisa zake iwapo mzee hataachia. Mara moja alimwondoa Bennett. Mwaka uliofuata akamwajiri Ernest Breech, mtu aliyelelewa katika taratibu za General Motors, pamoja na vijana waliojua hesabu, na kampuni ikapewa matawi, mipaka ya madaraka na leja zinazosomeka. Kwa maneno mengine, Ford ilipona kwa kunywa dawa ya mshindani wake.

Lakini maradhi haya hayana chanjo ya kudumu. Miaka 60 baadaye yalirudi, safari hii bila ngumi wala wapelelezi. Mwaka 2006 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Mwezi Septemba mwaka huo, mwenyekiti wa kampuni, kitukuu cha Henry Ford, alikubali kwamba mambo yamemzidi, akamkabidhi uongozi wa kila siku Alan Mulally, mhandisi kutoka kampuni ya ndege ya Boeing. Mulally aliwakutanisha wakuu wote kila Alhamisi, na akataka kila mmoja aoneshe shughuli zake kwa rangi: kijani kwa jambo linalokwenda sawa, manjano kwa lenye mashaka, na nyekundu kwa lililoharibika.

Juma baada ya juma taarifa zote zilikuwa za kijani. Mulally akawauliza wakuu hao: kampuni inatazamia kupoteza mabilioni ya dola, je, hakuna hata jambo moja lisilokwenda vizuri? Hakuna aliyejibu. Hawakuwa wajinga wala wezi. Walikuwa wamekulia katika mikutano ambamo mwenye kukiri shida alishambuliwa na wenzake, na nafasi yake ikaanza kutolewa macho kabla hajarudi ofisini.

Hatimaye Mark Fields, mkuu wa shughuli za Marekani ya Kaskazini na Kusini, alikuwa na gari jipya lililokuwa karibu kutolewa kutoka kiwanda cha Oakville, nchini Kanada, na magari hayo yakaonekana kuwa na hitilafu. Alisimamisha kuyatoa, na Alhamisi iliyofuata akaleta rangi nyekundu. Baadaye alisimulia kwamba alidhani huenda siku hiyo ndiyo ya mwisho wake kazini. Chumba kilinyamaza. Mulally akaanza kupiga makofi. Kisha akauliza: ni nani awezaye kumsaidia Mark? Papo hapo mkuu mmoja akasema amepata kuiona hitilafu ya namna hiyo mahali pengine, mwingine akaahidi mafundi. Majuma machache yakapita bado wengine wakitazama kama Fields atafukuzwa. Walipoona yupo, taarifa zao zikaanza kugeuka rangi. Siku hiyo ndipo kampuni ilipoanza kujua ugonjwa wake.

Haisemwi hapa kwamba makofi peke yake yaliiponya Ford. Kampuni ilikopa dola bilioni zaidi ya 20 mwishoni mwa mwaka 2006, ikauza baadhi ya mali zake, na ikafunga viwanda, jambo lililowaumiza wafanyakazi wengi. Lakini mwaka 2009, General Motors na Chrysler zilipofikishwa mahakamani kwa kufilisika, Ford haikufilisika, na mwaka huo ilipata faida. Fedha zilizokopwa zingetumbukia katika shimo kama zile za kwanza, lau wenye kuzitumia wangeendelea kuandika kijani juu ya nyekundu.

Na izingatiwe kwamba Mulally hakuwaachia watu wafanye wapendavyo. Alikutana nao kila juma, akadai tarakimu, na aliyeahidi jambo aliulizwa habari zake Alhamisi iliyofuata. Usimamizi wake ulikuwa wa karibu sana. Tofauti yake na mzee Ford haikuwa katika kuangalia sana au kidogo. Tofauti ilikuwa katika jambo lililompata mtu siku aliyoleta habari mbaya.

Tanzania nayo iliwahi kulikabili suala hili waziwazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulikataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu kwa wanaowaongoza. Katika miaka michache iliyofuata wafanyakazi wa viwanda na mashirika kadhaa waligoma, na mahali pengine wakawafungia mameneja nje, wakikitaja kifungu hicho. Migomo hiyo ilikuwa na mengi ndani yake, lakini moja ni dhahiri: malalamiko yasiyo na mlango hatimaye huvunja ukuta.

Sasa jambo hili lirudishwe katika chama cha msingi. Ushirika una kinga ambazo kampuni ya Ford haikuwa nazo mwaka 1926. Tangu Waanzilishi wa Rochdale walipofungua duka lao nchini Uingereza mwaka 1844, kanuni imekuwa mwanachama mmoja kura moja, na hesabu kusomwa mbele ya wanachama. Katika ushirika hakuna awezaye kununua hisa za wenzake wote akabaki peke yake. Lakini kinga isiyotumiwa ni sawa na neti iliyokunjwa juu ya kabati. Mwenyekiti anaweza kuwa Henry Ford mdogo hata katika chama cha wanachama 200, ikiwa ufunguo wa ghala, wa sanduku na wa mhuri yote mitatu imo katika mfuko wake mmoja, na ikiwa katibu hutoka jasho kila asikiapo baiskeli yake ikiegeshwa.

Kamati ya chama inaweza kufanya mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. La kwanza ni kuandika mipaka ya madaraka: lipi ataliamua karani wa mizani, lipi katibu, lipi mwenyekiti, na lipi sharti lingoje kikao. Maandishi hayo yabandikwe ofisini. La pili ni kuweka katika ajenda ya kila kikao, kabla ya mafanikio, fungu la upungufu na matatizo; na kikao kisikubali taarifa isiyo na hata tatizo moja, maana chama kisicho na tatizo hakijazaliwa. La tatu, nalo ndilo zito, ni kumlinda wa kwanza atakayesema. Karani akileta habari kwamba magunia 12 hayaonekani, swali la kwanza liwe, "Nani atamsaidia kuyatafuta?" Swali la nani alaumiwe lina siku yake, nayo huja baada ya kuhesabu. Wenzake wote watakuwa wakitazama yatakayompata, na kwa hayo wataamua kama nao watasema au watanyamaza miaka mitano.

Ama katibu ambaye tayari yumo chini ya kiongozi wa namna hiyo, hali yake ni ngumu, na haifai kumdanganya. Kanzler alisema kweli akafukuzwa. Lakini katibu wa chama cha ushirika ana silaha ambazo Kanzler hakuwa nazo. Mwajiri wake ni chama, si mtu. Kwa hiyo habari mbaya asiipeleke faraghani kwa mtu mmoja. Aiandike katika taarifa ya kikao, kwa tarehe na tarakimu, bila matusi wala kumtaja mtu kwa ubaya, na ahakikishe imeingia katika kumbukumbu. Akipewa amri ya mdomo inayokiuka kanuni, aombe kwa adabu ipewe maandishi. Ahifadhi nakala za stakabadhi. Aseme mapema, upungufu ungali wa magunia 2, kwa kuwa magunia 2 husameheka na 40 hufikishwa kwa Mrajis. Pamoja na tatizo, alete hatua ya kwanza ya kulitatua, ili hata kiongozi mkali aone njia ya kutokea bila kuaibika. Na kikao kikishindwa, yupo mkaguzi, na juu ya wote upo Mkutano Mkuu.

Neno moja zaidi limhusu katibu huyo huyo, na huenda likamchoma. Anayeonewa na aliye juu yake huwa mwepesi wa kumwonea aliye chini yake. Kabla ya kumlalamikia mwenyekiti, katibu ajiulize: karani wake huhesabu fedha kwa utulivu, au mkono humtetemeka? Mlinzi wa ghala humwambia kwamba bati linavuja, au hungoja mvua imwambie? Unyapara hushuka ngazi kama maji, na kila ngazi hudhani chanzo kiko juu yake tu.

Ndugu Makatibu na Wanachama, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hafichi maradhi kwa kupenda. Hufika mahali akaona mganga ni mkali kuliko maradhi yenyewe. Msimu ujao taarifa za vyama zitaletwa tena chama kikuu. Taarifa njema zaidi haitakuwa ile ambayo kila kitu ndani yake ni kizima. Itakuwa ile iliyoandikwa kwa mkono usiotetemeka: "Mizani ya kituo cha pili ina kasoro, iligunduliwa na karani tarehe fulani, kamati ilimshukuru, na imechukua hatua zifuatazo." Chama kitakachoandika hivyo mali yake imo mikononi mwa watu wasioogopana.